Shajara ya mradi: kutenganisha ukali wa mwanga na masafa yake

Mwanga ukiangukia metali inayofaa, elektroni hung'oka. Mradi huu unauliza mambo mawili tu: ni nini kinachoamua zitoke elektroni ngapi, na ni nini kinachoamua kila moja itoke na nishati kiasi gani? Jibu limo vitabuni tangu 1905. Ukali wa mwanga huamua idadi. Masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, huamua nishati. Nilitaka kulipata jibu hilo kwa vipimo vyangu mwenyewe, na ninaandika ili anayetaka kurudia asipoteze wiki nilizopoteza mimi.

Hatua zilizokwenda vizuri nimezifupisha. Mara tatu kifaa changu kilinionyesha kwamba ukali wa mwanga unabadilisha nishati ya elektroni, na mara zote tatu kosa lilikuwa kwenye kifaa. Makosa hayo ndiyo yaliyochukua nafasi kubwa hapa.

2 Februari. Zinki juu ya elektroskopu

Nimeanza na jaribio la Wilhelm Hallwachs la 1888, mwaka mmoja baada ya Heinrich Hertz kuona kwamba cheche huruka kwa urahisi zaidi zinapomulikwa na miale ya urujuanimno. Unaweka bamba la zinki juu ya elektroskopu, kifaa ambacho jani lake jembamba la metali huinuka kikiwa na chaji, unalipa chaji hasi kwa bomba la plastiki lililosuguliwa na kitambaa cha sufu, kisha unamulika. Jani husimama kwa sababu elektroni za ziada zinasukumana. Mwanga ukiziondoa, jani hulala.

Nilikuwa na taa tatu: balbu nyeupe ya wati 60, taa ya urujuanimno ya nanomita 365 (huo ni urefu wa wimbi; ukiwa mfupi, masafa huwa makubwa), na kitaa cha kuulia vijidudu cha wati 4 kinachotoa nanomita 254. Nilitarajia kitaa kidogo ndicho kifanye kazi. Hakuna iliyofanya kazi. Jani lilishuka polepole kwa taa zote tatu, na lilishuka vilevile gizani.

Tahadhari kabla ya lolote: nanomita 254 huchoma macho na ngozi, nawe hutahisi lolote kwa saa kadhaa. Kitaa changu kimo ndani ya sanduku la kadibodi lenye tundu linaloelekea kwenye zinki tu, nami huvaa miwani ya kinga na glovu. Anayeshindwa kuandaa hayo aruke hatua hii aende kwenye neli ya ombwe ya 1 Machi.

6 Februari. Msasa na hewa kavu

Kulikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni unyevu: chaji ilikuwa ikitambaa juu ya kizibo cha plastiki kinachoshika fimbo ya elektroskopu. Nilikisafisha kwa spiriti, nikakikausha kwa hewa ya moto, na jani likasimama gizani zaidi ya dakika 10.

La pili ni tabaka la oksidi. Zinki iliyokaa hewani hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na elektroni hazitoki ipasavyo. Dawa ni kusugua kwa msasa mpaka bamba ling'ae, kisha kupima papo hapo. Baada ya nusu saa jibu huwa limeanza kudhoofika. Robert Millikan, aliyechukua karibu miaka 10 kupima jambo hili mpaka 1916, alijenga ndani ya neli ya ombwe kisu cha kuparua metali zake ili uso uwe mpya kila mara. Nilipokuwa na msasa mkononi nilielewa kwa nini alijipa taabu yote hiyo.

Baada ya msasa, taa ya 254 ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye zinki, jani lililala kwa sekunde 9. Kwa sentimita 20 lilichukua sekunde 27. Balbu ya wati 60 niliisogeza mpaka karibu iguse bamba, jani halikutikisika. Taa ya 365 vivyo hivyo, ingawa ni kali kuliko kitaa changu.

Hesabu yake ni fupi. Kung'oa elektroni kwenye zinki kunahitaji takriban elektronivolti 4.3 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya nanomita 254 ina 4.9, ya 365 ina 3.4; ya mwanga wa buluu haifiki 3. Fotoni moja hukutana na elektroni moja, na isiyotosha haisaidiwi na wenzake. Hapo ndipo picha ya mwanga kama wimbi tupu inapokwama, kwa sababu wimbi lingeweza kukusanya nishati taratibu mpaka elektroni itoke.

Nilifanya ukaguzi mara mbili, na ninamwomba anayerudia asiuache. Nilipoweka kioo cha kawaida cha dirisha kati ya taa na zinki, jani lilisimama kana kwamba taa imezimwa, kwa sababu kioo hicho huzuia 254. Na nilipolipa bamba chaji chanya, taa haikufanya lolote. Bila kipimo hicho cha pili huwezi kusema kwamba si hewa iliyoondoa chaji.

Gharama ya hatua hii: siku 4, vipande viwili vya msasa, jani moja la elektroskopu lililochanika nilipolikausha kwa moto wa karibu mno.

1 Machi. Neli ya ombwe na taa za LED

Elektroskopu inasema "zimetoka" au "hazijatoka". Haipimi nishati. Kwa hilo nimepata neli ya zamani ya fotoelektriki: kathodi pana inayotoa elektroni, yenye mchanganyiko wa antimoni na sesiamu, waya mwembamba wa anodi unaozipokea mbele yake, na ombwe ndani. Kathodi ya aina hii hung'oa elektroni kwa karibu mwanga wote unaoonekana, kwa hiyo sihitaji tena taa ya hatari.

Wazo ni kuweka volteji inayozirudisha elektroni nyuma, na kuiongeza hadi hata zile zenye kasi kubwa zishindwe kufika anodi. Hiyo ndiyo volteji ya kuzuia. Ikiwa volti 1.5 zinatosha, basi elektroni yenye kasi kuliko zote ilikuwa na elektronivolti 1.5. Einstein aliiandika hivi: nishati ya elektroni ni sawa na masafa mara konstanti ya Planck (namba isiyobadilika), ukitoa nishati ya kung'oa. Ukali wa mwanga haumo kabisa katika mlinganyo huo.

Taa zangu ni LED nne: manjano 590, kijani 525, buluu 470 na zambarau 405, zote kwa nanomita. Neli imo ndani ya kopo la bati lililopakwa rangi nyeusi, lenye tundu moja. Kopo hilo pia ni ngao dhidi ya mawimbi ya umeme wa nyumbani.

8 Machi. Kosa la kwanza: mita ndiyo iliyokula mkondo

Kuna njia ya mkato. Acha anodi ikusanye elektroni bila kuunganishwa popote. Itajijaza chaji hasi mpaka yenyewe ifikie volteji ya kuzuia. Kisha unasoma volteji kati ya anodi na kathodi. Niliunganisha maltimita moja kwa moja, nikamulika zambarau, nikasoma volti 1.41. Nilifurahi. Kisha nikapunguza mwanga hadi nusu: 1.29. Hadi sehemu moja ya kumi: 0.98.

Kwa vipimo hivyo, ukali unabadilisha nishati. Nilirudia siku nzima na kupata hayohayo, na kwa kweli nilianza kutilia shaka neli.

Tatizo lilikuwa ukinzani wa maltimita, megaomu 10. Volti 1.41 kwenye megaomu 10 ni nanoampia 141, na mkondo huo wote ulikuwa ukitoka kwenye neli. Anodi haikufika volteji ya kuzuia hata mara moja; ilisimama pale ambapo elektroni zinazoingia zinalingana na zinazovujia kwenye mita. Mwanga ukipungua, usawa huo hushuka. Nilikuwa nikipima mita.

Ikiwa utachukua jambo moja tu kutoka shajara hii, chukua hili. Nimeona michoro mingi ya jaribio hili yenye neli na voltimita ya kawaida pembeni, na kila anayeifuata atapata jibu lisilo sahihi lenye sura nzuri.

22 Machi. Kikuza mkondo

Nimeacha njia ya mkato. Sasa naweka volteji ya kurudisha kwa betri na potenshiomita, na napima mkondo wa neli kwa chipu ya CA3140, ambayo pembejeo yake hunyonya takriban pikoampia 10 tu. Rezista ya mrejesho ni megaomu 100, kwa hiyo nanoampia 1 ya neli hutoka kama volti 0.1 kwenye mita. Umeme wa chipu ni betri mbili za volti 9.

Ilichukua wiki mbili kutulia. Kwanza niliijenga kwenye ubao wa majaribio wenye matundu, na namba zikawa zinatembea zenyewe: plastiki ya ubao huvuja mkondo unaolingana na ninaoutafuta. Niliihamishia kwenye ubao wa lehemu, nikaukunja mguu namba 2 wa chipu usiguse ubao, nikaunganisha waya wa neli na rezista hewani moja kwa moja kwenye mguu huo, kisha nikasafisha kila kitu kwa spiriti. Alama ya kidole kwenye rezista inatosha kuharibu kipimo. Chipu moja iliungua nilipobadili rezista bila kutoa betri.

Baada ya hapo, gizani mita ilitulia ndani ya milivolti 1, sawa na pikoampia 10.

24 Machi. Kosa la pili: nilibadilisha rangi bila kujua

Kwa kikuza kipya nilipima LED ya kijani. Mkondo wa LED ukiwa miliampia 20, volteji ya kuzuia ilikuwa 0.95. Nikapunguza mwanga kwa kupunguza mkondo wa LED hadi miliampia 2, nikapata 0.91. Tofauti ni ndogo, lakini ilirudi kila mara, na upande uleule.

Kidokezo kilikuwa kwamba zambarau haikufanya hivyo kwa kiasi hicho, kijani ndiyo. Nilikata kipande cha DVD, nikakitumia kutawanya rangi za mwanga, nikaupiga picha ukiwa na miliampia 20 na ukiwa na 2. Kilele cha kijani kilihama kwa nanomita 7 hivi kuelekea nyekundu mkondo ulipopungua. Ndivyo zilivyo LED za kijani za galiamu, indiamu na nitrojeni: mkondo ukiongezeka, rangi husogea kuelekea buluu. Nanomita 7 pale ni elektronivolti 0.03, karibu tofauti yote niliyoiona.

Kwa maneno mengine, nilidhani nimegusa ukali peke yake kumbe nimegusa masafa pia. Tangu siku hiyo mkondo wa LED umefungwa kwenye miliampia 20 na hauguswi.

29 Machi. Kadi za matundu

Ukali sasa unabadilishwa kwa kadi nyeusi zilizotobolewa kwa msumari mmoja, matundu 1, 2, 4, 8 na 16, zikiwekwa mbele ya plastiki nyeupe inayosambaza mwanga. Tundu halibadilishi rangi. Hiki ndicho kifaa kilichonigharimu kidogo kuliko vyote, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Kwanza nilipima idadi: volteji ya kusukuma mbele ya kutosha kukusanya kila elektroni, taa ya zambarau. Mkondo kwa nanoampia:

tundu 1: 2.3
matundu 2: 4.5
matundu 4: 9.2
matundu 8: 18.1
matundu 16: 33

Mwanga maradufu, elektroni maradufu. Kadi ya 16 iko chini kidogo ya matarajio kwa sababu matundu ya pembeni hayaielekei neli sawasawa. Nilipoyasogeza katikati pengo lilipungua. Nusu ya jibu la mradi ilipatikana mchana mmoja.

5 Aprili. Mkondo unaokwenda kinyume

Grafu ya kwanza ya rangi nne ilitoa volteji za kuzuia 0.65, 0.95, 1.20 na 1.52, kutoka manjano hadi zambarau. Mwinamo wake unatoa konstanti ya Planck ya 5.94 × 10⁻³⁴, chini ya ile inayokubalika kwa asilimia 10. Tena zambarau ilikuwa chini sana ya mstari wa rangi nyingine tatu.

Nilipoendelea kuongeza volteji kupita ile niliyoiita ya kuzuia, mkondo haukubaki sifuri. Uligeuka hasi na kubaki hapo. Chanzo ni anodi. Katika neli za zamani sesiamu kidogo hutua juu ya waya wa anodi, na mwanga ukiugusa, nao hutoa elektroni. Sifuri niliyokuwa nikiisoma ilikuwa mahali mikondo miwili inapofutana, si mahali elektroni za kathodi zinapokwisha. Zambarau, yenye fotoni zenye nishati kubwa, huiathiri anodi zaidi.

Dawa: utepe mweusi wa milimita 3 juu ya kioo cha neli, umenyooka mbele ya waya wa anodi, ili mwanga upite pande zote mbili na kuifikia kathodi tu. Nilijaribu utepe mara tano kabla haujakaa sawa. Mkondo wa kinyume ulishuka mpaka ukawa hautofautiki na giza.

12 Aprili. Kosa la tatu: sifuri ya macho

Nilidhani nimemaliza. Zambarau, matundu 16: mkondo unapotea kwenye volti 1.63. Tundu 1: unapotea kwenye 1.55. Ukali tena!

Safari hii sikuchukua siku nzima. Baada ya kufunika anodi, mkondo haukati sifuri kwa ghafla. Hulala taratibu kama mkia. Mimi nilikuwa nikiandika volteji ambayo mita inaacha kuonyesha kitu, yaani pikoampia 10. Mkia wa mwanga mkali hufika hapo baadaye kuliko mkia wa mwanga hafifu, ingawa yote miwili inaelekea mwisho mmoja.

Kwenye neli yangu, karibu na mwisho mkondo hupungua takriban kama mraba wa volteji iliyobaki. Kwa hiyo nilichora kipeuo cha pili cha mkondo badala ya mkondo wenyewe. Mkia ukawa mstari ulionyooka, nikauendeleza kwa rula mpaka sifuri. Kila kipimo huondolewa kwanza namba ya giza, iliyosomwa taa ikiwa imezimwa. Zambarau, kwa volti:

matundu 16: 1.66
matundu 8: 1.66
matundu 4: 1.65
matundu 2: 1.66
tundu 1: 1.64

Mkondo umepungua mara 14, volteji ya kuzuia imebaki palepale. Ile ya tundu 1 naiamini kidogo kuliko nyingine kwa sababu namba zake ziko karibu na kelele za kikuza. Philipp Lenard aliliona hili 1902: elektroni hazipati nishati zaidi kwa kuongezewa mwanga. Kulisoma ni kitu kimoja. Kukaa mbele ya mita, kufunika matundu 15 kati ya 16, na kuona volteji haisogei, kulinipa furaha ambayo sikuitarajia.

19 Aprili. Grafu ya masafa

LED zote nne, kadi ya matundu 16, kila rangi mara tano (terahezi 1 ni mawimbi trilioni moja kwa sekunde):

manjano, terahezi 508: volti 0.66
kijani, terahezi 571: volti 0.98
buluu, terahezi 638: volti 1.27
zambarau, terahezi 740: volti 1.66

Mstari unaopita katikati yao una mwinamo wa volti 0.428 kwa kila terahezi 100. Ukizidisha kwa chaji ya elektroni unapata konstanti ya Planck ya 6.85 × 10⁻³⁴, juu ya ile inayokubalika, 6.626 × 10⁻³⁴, kwa asilimia 3.4.

Tofauti iliyobaki naihusisha zaidi na LED zenyewe. Si rangi moja. Kila moja ni mkanda wa makumi ya nanomita, na volteji ya kuzuia huamuliwa na ukingo wa masafa ya juu, si na kilele ambacho mimi nimekiandika kwenye grafu. Mikanda hiyo haina upana mmoja kwa rangi zote, kwa hiyo mstari hupinda. Anayeweza kupata taa ya zebaki na vichujio vyembamba atumie mistari yake ya 365, 404.7, 435.8 na 546.1, na tatizo hili litaondoka.

26 Aprili. Mahali mstari unapokata

Jambo la mwisho lilinisumbua. Mstari wangu unakata sifuri kwenye terahezi 347, yaani nanomita 863. Nilikuwa tayari kuandika kwamba hapo ndipo kikomo cha kathodi: mwanga wowote wenye masafa ya juu ya hapo ungeng'oa elektroni. Hilo linaweza kupimwa, kwa hiyo nililipima. LED ya infraredi ya nanomita 850, terahezi 353, volteji ya kusukuma mbele, bila kadi yoyote. Mita ilibaki kwenye namba ya giza. Niliongeza LED ya pili, kisha ya tatu. Giza lilelile. LED nyekundu ya 630, peke yake na ikiwa hafifu, ilitoa mkondo mara moja.

Kikomo halisi cha kathodi kwa hiyo kiko mahali fulani kati ya 630 na 850, na mstari wangu haukionyeshi. Sababu ni kwamba kathodi na anodi ni metali tofauti, na zinapounganishwa kwa waya huwa na tofauti ya volteji kati yao hata kabla sijaweka yangu. Tofauti hiyo husukuma mstari wote juu au chini bila kugusa mwinamo. Mwinamo ni wa Planck. Mkato wa mstari kwenye mhimili wa volteji, volti 1.49 chini ya sifuri kwenye neli yangu, una anodi ndani yake. Nimeifuta ile sentensi niliyokuwa nimeiandika chini ya grafu kuhusu nishati ya kung'oa ya kathodi, na pembeni ya grafu nimeandika namba za LED tatu za infraredi, zote sifuri.

Jumla mpaka leo: miezi karibu mitatu, chipu mbili zikiwemo iliyoungua, LED nane, neli moja iliyo salama. Mchoro wa kikuza haujabadilika tangu 22 Machi na unaweza kunakiliwa kama ulivyo, mradi mguu namba 2 ubaki hewani.